Toa Ulimi, Hasifa

Kila asubuhi mjini Koboko, Hasifa alifagia ua, akanawa uso, kisha akaketi jikoni kando ya Haboba, bibi yake mzaa baba. Haboba alimimina chai ya tangawizi, akanyoosha kiganja. Juu ya kiganja palikuwa na kidonge kimoja.

"Meza, mke mwenzangu," alitania. "Ukichelewa, naolewa peke yangu."

Hasifa alikuwa na miaka kumi na miwili. Alizaliwa na virusi vya UKIMWI. Alipoambiwa habari hiyo katika kituo cha afya alilia, akanyamaza, kisha akarudi mtaani kuruka kamba kuwashinda wasichana wote. Lakini alijua pia kwamba mama yake aliacha dawa, akafariki. Jambo hilo lilimtisha kuliko mbwa wa jirani, na mbwa huyo hakuwa na sifa nzuri.

Mwaka huo likizo iliangukia mwezi wa Ramadhani. Haboba alimfungia kopo la vidonge ndani ya begi, akampandisha gari la kwenda Arua kwa shangazi yake, Medina.

"Usiache hata siku moja!" alimwambia dirishani.

Gari lilipita Manibe, karibu kabisa na Arua, Hasifa akiwa bado anaitikia kwa kichwa.

Shangazi Medina alikuwa na watoto wawili: Afisa, msichana wa miaka kumi na mitatu, na Lado aliyekuwa bado mdogo. Afisa alikuwa amejipa kazi ya upolisi wa saumu. Kila adhuhuri aliwapanga watoto wa ua mzima mstari mmoja.

"Toa ulimi tuone!"

Ulimi mkavu, wenye utando mweupe, ulikuwa cheti. Ulimi mwekundu wenye majimaji ulikuwa kesi.

"Lado, hii nini? Iko na sukari mpaka puani!"

"Nilikuwa naionja kwa niaba ya mama," alijitetea Lado.

"Kobe! Kobe!" walimzomea, kwa jina wanaloitwa wanaokula mchana kwa kujificha.

Hasifa alicheka nao, lakini akili yake ilikuwa kwenye kopo lililofichwa ndani ya begi. Kidonge hakishuki bila maji. Anayekunywa maji mchana huulizwa sababu. Na sababu yake hakutaka iulizwe na mtu yeyote, hasa Afisa, ambaye siri kwake haikudumu hata muda wa chai kupoa.

"Basi nitameza jioni," aliazimia.

Jioni ukumbi ulijaa majirani, uji wa mtama na mkate moto. Begi lake lilikuwa katika chumba walicholala wote, na kopo lile lilipiga kelele kama kayamba kila alipoligusa. Wakati wa daku hali ilikuwa ile ile. Akasema kesho. Kesho ilipofika, Afisa alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Mtazameni Hasifa wa Koboko! Ulimi kama unga wa muhogo! Huyu ndiye anafunga, si nyinyi wezi wa sukari."

Nani hapendi sifa? Hasifa aliendelea kusema kesho. Siku zilipita, wiki zikafuata, naye hakuumwa hata ukucha. Huo ndio ujanja wa virusi: haviji kwa kupiga hodi.

Siku chache kabla ya Idi, aliamka meno yakigongana. Kichwa kilimpasuka, viungo vikamlegea. Alijifunika blanketi mpaka utosini. Alimwona mama yake kama alivyosimuliwa, amekonda kitandani. "Ndivyo ilivyoanza kwake," aliwaza. "Sasa zamu yangu." Akisema, Afisa atajua na mtaa wote utajua. Akinyamaza, atamfuata mama. Alitamani blanketi lile limmeze yeye, kwa kuwa yeye hakumeza alichopaswa kumeza.

Shangazi Medina aliingia na bakuli la uji.

"Hasifa, unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Unaumwa wapi, mwanangu?"

Hasifa alitazama mlango. "Shangazi, ufunge kwanza."

Mlango ulipofungwa, maneno yalimtoka pamoja na machozi. "Nina dawa ya kila siku. Sijaimeza tangu nilipofika hapa."

Alingoja kelele. Badala yake, shangazi alikaa chini polepole.

"Nilijua una dawa. Haboba alinipigia simu kabla hujafika. Nikasema huyu ni msichana mkubwa, nikimuuliza nitamwaibisha. Kumbe wote wawili tulikuwa waoga! Vaa viatu, twende."

Katika kituo cha afya, muuguzi Candiru alisikiliza habari yote, akampima. Alikuwa mwenyeji wa Dadamu, mwenye sauti nzito na macho ya upole.

"Homa hii ni malaria, tutaitibu. Lakini nachukua damu nyingine, tuone virusi vimefika wapi. Hasifa, umewahi kulinda muhogo ulioanikwa?"

"Ndiyo."

"Mlinzi akiondoka, mbuzi wanakuja. Akirudi leo na fimbo, kesho akatoroka tena, mbuzi wanaizoea fimbo. Mwishowe hawaikimbii. Virusi navyo vinaweza kuizoea dawa."

"Vyangu vimeizoea?" Sauti ya Hasifa ilikuwa ndogo sana.

"Sijui bado. Ungekuja kuuliza, tungeihamishia dawa saa ya futari, ukafunga salama. Hata dini yenu inamruhusu mgonjwa kula."

Jioni hiyo shangazi alitangaza kwamba Hasifa ana malaria, na kwamba ukaguzi wa ndimi umekwisha nyumbani kwake. "Saumu ni ya Mungu, Afisa. Wewe hujaajiriwa." Kisha akafunga mlango wa chumba, akasimama hapo mpaka Hasifa akameza.

Baada ya Idi majibu yalitoka. Virusi vilikuwa vimeongezeka sana. Ilimbidi Hasifa ameze kila siku, apimwe tena baada ya miezi mitatu. Alirudi Koboko na hofu yake. Kila kidonge alikimeza akijiuliza kama bado kina nguvu. Hata kamba hakuiruka.

Miezi mitatu ilipita, akapimwa tena. Siku ya majibu hayo ya pili, Haboba alikaa upande mmoja wa benchi, na shangazi Medina, aliyetoka Arua alfajiri, upande wa pili. Muuguzi wa Koboko alisoma karatasi mpaka mstari wa mwisho.

"Vimeshuka," alisema muuguzi. "Vimeshuka mpaka mashine haivioni. Dawa inafanya kazi."

Hasifa aliruka kutoka kwenye benchi. Haboba alimshukuru Mungu kwa sauti iliyowageuza wagonjwa wote.

Shangazi Medina alimvuta Hasifa karibu. "Sikiliza, mwanangu. Siri ni yako, huna lazima ya kumwambia kila mtu. Lakini tafuta mtu mzima mmoja wa kukusimamia, na unapokwama, uliza mapema. Dawa waweza kuwaficha watu. Usilifiche tumbo lako."