Supu ya Msituni na Vidonge vya Hospitali

Asubuhi katika boma la Loishiye zilianza kwa kelele. Si kelele za ng'ombe, ni za Loishiye mwenyewe. Mtu yule alikuwa na mdomo, jamani. Aliwasalimu ng'ombe mmoja mmoja. Aligombana na migomba. Aliuliza chai iko wapi, na kikombe kiko mkononi mwake. Mke wake, Nkasiogi, alikuwa akimwambia, "Baba Lemayian, punguza kidogo. Masikio yangu ni mawili tu."

Halafu Loishiye akaugua, na boma likawa kimya.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, huku kwetu magharibi ya Mlima Meru. Kwanza yalitokea matezi shingoni. Hayakuuma, kwa hiyo akayapuuza. Yakakua. Akakonda. Akilala, jasho lilimtoka mpaka shuka likalowa. Ndipo Nkasiogi alipomshika mkono, wakateremka mpaka hospitali mjini Arusha.

Daktari, Mzungu mmoja mpole, alikata kipande kidogo cha tezi, kikapimwa. Ilikuwa saratani, ugonjwa ambao wengi huuita kansa. Loishiye akalazwa.

Nkasiogi aliteseka, nisiwafiche. Alikuwa na watoto, ng'ombe na shamba, hakuweza kukaa mjini. Kila jioni alitazama njia inayopanda kutoka Sakina, upande wa mjini. Alipika ugali kwa mazoea, kisha akauona umebaki, kiasi cha mtu mmoja. Alizitamani zile kelele. Alitamani hata kusumbuliwa kwa ajili ya chai.

Hatimaye Loishiye aliruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge. Msaidizi wa daktari, Bwana Philemoni, alizungumza vizuri lugha ya Waarusha. Yeye ndiye aliyewaeleza.

"Kidonge kimoja kila asubuhi, baada ya uji," alisema. "Kila Jumatatu mje tupime damu. Na dawa yoyote nyingine, hata ya miti, mtuambie kwanza."

"Tumesikia," alisema Nkasiogi.

Matezi yakaanza kupungua. Loishiye akaanza tena kuisema migomba. Nkasiogi alijifanya amechoshwa, lakini moyoni alikuwa anacheka.

Siku moja akaja Lerionka pamoja na wenzake. Lerionka na Loishiye walikuwa rika moja, walitahiriwa pamoja, na walipendana sana.

"Shemeji," alisema Lerionka, "tunamchukua ndugu yetu msituni. Tutamchinjia kondoo, arudishe nguvu."

Mnaijua mila hiyo. Wanaume huenda msituni, huchinja, na huchemsha supu kwa magome na mizizi. Mwanamke haoni nyama ile, wala haulizi habari zake. Nkasiogi naye hakuuliza. Alifunga vidonge kwenye kitambaa, akampa mumewe.

Loishiye aliondoka anatembea. Alirudi ameshikwa huku na huku. Alikuwa anatapika na kuharisha, hata maji hayakukaa tumboni. Walimteremsha mpaka barabarani, wakapata lori la mahindi, wakamfikisha hospitali.

Daktari alimpima, Philemoni akimsaidia. Mwili ulikuwa umekauka, na damu ilikuwa dhaifu.

"Mama, amekula nini? Amekunywa nini?" aliuliza.

"Vidonge vyenu, daktari. Na uji na maziwa. Hakuna kingine."

Hakusema uongo. Alisema alichokijua.

Daktari alitikisa kichwa. "Basi vidonge vimemshinda," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Lazima tuviache."

"Na mkiviacha?" aliuliza Nkasiogi.

 "Matezi yatarudi," alisema daktari.

Nkasiogi alimtazama mumewe. Loishiye aligeuza uso, akatazama ukuta. Mtu ambaye hakuweza kunyamaza mbele ya mgomba, leo amenyamaza mbele ya daktari. Nkasiogi akajua lipo jambo. Na jambo lenyewe lilikuwa kule msituni, mahali ambapo yeye hakuruhusiwa hata kuuliza.

Aliinama kitandani.

"Baba Lemayian," alisema, "mimi sikuulizi mlikula nini kule. Siulizi, wala sitaki kujua. Ninachotaka ni wewe uwepo nyumbani. Nimeuchoka ule ukimya. Sasa mimi natoka nje. Mwambie daktari."

Pembeni alikuwapo muuguzi, Sista Sophia, anakunja mashuka. Nkasiogi akamgeukia. "Sista, na wewe tutoke."

Sophia alikuwa mtu wa mjini, binti wa mfanyabiashara kutoka pwani. Alishangaa, lakini akatoka.

Walisimama barazani. Mlima Meru ulikuwa umefunikwa na mawingu.

"Mume wako ana siri gani hiyo?" aliuliza Sophia.

"Si siri. Ni mambo ya wanaume."

"Na wewe hukasiriki?"

"Nimekasirika sana. Lakini hasira itangoja. Apone kwanza, kisha atanijua."

Sophia alicheka kidogo. Nkasiogi hakucheka. Alivuta shuka lake mpaka shavuni.

"Namkumbuka, Sista," alisema. "Yuko mle ndani, na bado namkumbuka."

Mlango ukafunguliwa. Philemoni alitoka, akakaa nao barazani.

"Amesema," alisema. "Amenipa ruhusa nikueleze habari za dawa. Za nyama tuziache hukohuko."

"Nieleze."

"Katika supu walitia magome ya olmukutan."

"Yale ya kufukuzia minyoo?"

"Hayohayo. Yanamharisha mtu mzima mwenye afya, sembuse mgonjwa. Alikuwa akimeza kidonge, halafu anakunywa supu. Vidonge vingine alivitapika. Kisha maji na nguvu vikamtoka mwilini."

"Kwa hiyo ubaya si wa vidonge?"

"Hatukuweza kujua, mama, kwa sababu hatukuambiwa. Vidonge vyenyewe ni vikali. Saratani ni kama magugu katika mahindi. Ukipalilia, jembe hukata magugu, na mara nyingine hugusa hindi. Ndiyo maana tunapima damu kila mara, tuone kama jembe limezidi. Sasa mwingine akipita gizani na jembe lake, sisi tutajuaje ni nani aliyekata hindi?"

Nkasiogi alifikiri. "Basi miti ni mibaya."

"Hapana, sikusema hivyo. Kwinini unaijua?"

"Ile chungu ya homa?"

"Ilitoka katika gome la mti. Walioichunguza walitafuta kile kinachotibu, wakakitenga, wakakipima. Dawa ya mti ikipimwa ni dawa. Isipopimwa hujui umempa mgonjwa nini. Na dawa mbili zikikutana mwilini zinaweza kusaidiana, au zinaweza kupigana. Lazima awepo mtu anayezijua zote mbili."

"Zinaweza kusaidiana kweli?"

"Daktari anatumaini hivyo. Ameomba dawa mpya kutoka ng'ambo. Imetolewa katika ua, lile dogo la rangi ya waridi linalopandwa katika bustani za mjini. Ndiyo kwanza inajaribiwa. Loishiye akipata nguvu, na akikubali, atachomwa sindano hiyo huku anaendelea na vidonge kidogo kidogo."

Nkasiogi alisimama. "Ua hilo nimeliona. Nichume nimchemshie leo?"

"Usithubutu, mama." Philemoni alimshika mkono. "Ua hilo lina sumu. Ukichemsha, hujui umetoa kiasi gani. Kidogo hakitamtibu, kingi kitamuua. Sindano imepimwa. Chungu chako hakina kipimo."

Nkasiogi akakaa tena. "Nimesikia," alisema. Safari hii alisikia kweli.

Kesho yake Lerionka alikuja wodini na fungu la magome. Alilikabidhi kwa Philemoni huku uso ameuinamisha.

"Tulitaka apate nguvu," alisema. "Yule ni ndugu yangu. Ningewezaje kutaka afe?"

"Najua," alisema Philemoni. "Tuletee kila unachotaka kumpa, kabla hujampa. Hatutakucheka wala hatutakugombeza."

Loishiye alikaa hospitali muda mrefu. Kwanza alinyweshwa maji yenye chumvi na sukari. Damu ilipotengemaa alirudishiwa vidonge, na dawa ya ua ilipofika akaanza sindano. Hazikuwa siku nyepesi. Nywele zilipungua, na mara nyingine alishindwa kula. Damu ikidhoofika, daktari alisimamisha dawa, akangoja, kisha akaendelea. Nkasiogi alikuja kila siku ya soko, akakaa naye mpaka jua likapinduka, kisha akapanda mlima peke yake. Njiani alilia, na hakuona haya.

Siku moja daktari alipapasa shingo ya Loishiye, akatafuta matezi, asiyapate.

"Amepona?" aliuliza Nkasiogi.

"Ugonjwa umelala," alisema daktari. "Tutaendelea kuuchunga usiamke. Lakini nendeni nyumbani."

Wakaenda nyumbani. Ile hasira iliyongoja, Nkasiogi aliitoa yote siku hiyo njiani, kuanzia Sakina mpaka mlangoni. Loishiye alisikiliza kwa adabu. Nadhani hakuwahi kufurahia kugombezwa kama siku ile.

Mvua zilipokwisha, Lerionka na wenzake walikuja tena. Nkasiogi aliwaona getini, akawahi kusimama mlangoni.

"Shemeji," alisema Lerionka, "tunaomba tumchukue. Nilikwenda kwa Bwana Philemoni nikamuuliza. Amesema nyama na supu ni sawa. Itakuwa nyama, maji na chumvi. Magome hayatafika karibu na sufuria. Nitakaa hapo mimi mwenyewe."

Nkasiogi aliingia ndani, akarudi na chupa ya vidonge. Hakumpa Loishiye. Aliiweka katika kiganja cha Lerionka, akamkunja vidole.

"Kimoja kila asubuhi, baada ya kula," alisema. "Akikataa?"

"Tutamshika, nimmezeshe."

Wanaume wakacheka. Wakaondoka na Loishiye katikati yao. Nkasiogi alisimama getini. Alianza kumkumbuka hata kabla hawajapita migomba, na ilimuuma. Lakini safari hii alikuwa anamngoja mtu anayerudi. Akaenda kumtengea maziwa.