Washa Chini ya Nozeli

Lori lilikutwa alfajiri limeingiza mkia dukani kwa fundi cherehani, ukuta umelala chini, vitambaa vimetapakaa barabarani. Lilikuwa likipanda mlima na shehena, likaishiwa nguvu, breki zikazidiwa na uzito, likarudi kinyumenyume. Fundi cherehani, aliyekuwa anafungua duka, alivunjika mguu. Dereva, ambaye kwa uendeshaji wake wa kinyonga watu walimwita Taratibu, alikutwa ameketi kando ya gurudumu.

"Ameuza dizeli yangu akajazia mafuta ya taa!" tajiri, mwenye lori, alimfokea afande wa upelelezi. "Gari limefungwa nozeli mpya juzi tu! Mtie ndani!"

Saa nne lori lilikuwa limeshavutwa hadi yadini kwa tajiri, na Taratibu ameletwa hapo na pingu mikononi. Yadi ile ilikuwa na mafundi wawili. Mmoja ni mzee waliyemwita Mwalimu, kwa kuwa nusu ya mafundi wa mji walipitia mikononi mwake. Wa pili ni mwanafunzi wake wa zamani, Mama Spana, na Taratibu alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

"Wewe ni dada yake," afande alisema. "Nikuamini vipi?"

"Usiniamini. Simama hapa uangalie."

Mama Spana alichota dizeli kutoka tangini kwa chupa inayoonyesha ndani, akaiacha itulie, akamnusisha afande. Hakuna maji, hakuna harufu ya mafuta ya taa.

"Basi hakuuza," afande alisema.

"Hakuuza. Mwalimu, nipe spana ya kumi na saba."

Mwalimu alipapasa sandukuni, akatoa moja. "Hebu nisomee namba, mwanangu, jua linanipiga machoni."

Aliisoma, ndiyo yenyewe. Injini ikawashwa, ikaanza kukohoa na kutoa moshi mweupe. Mama Spana akawa analegeza nati za mabomba yanayopeleka dizeli kwenye nozeli, zile zinazoipuliza ndani ya injini, moja baada ya nyingine.

"Unafanya nini?" afande aliuliza.

"Nawanyima chakula mmoja mmoja. Ukimnyima mchapakazi, kazi inalegea. Ukimnyima mvivu, huoni tofauti."

Kwenye silinda ya kwanza na ya pili injini ilizubaa. Kwenye ya tatu, wala haikujali. Ya nne, vilevile. Akazima, akafungua nozeli ya tatu, akaifunga kwenye pampu ya kupimia. Badala ya kupuliza ukungu, ilidondosha matone kama bomba bovu la uani.

"Lo! Hii si yangu," alisema. "Nozeli za lori hili nilifunga mimi, na kila moja niliipiga tupa hapa ubavuni. Hii haina alama. Mtu amebadilisha."

Macho yote yalimgeukia mlinzi, mwenye funguo za yadi.

"Mimi?" mlinzi aliruka. "Afande, mimi hata baiskeli yangu ikitoka cheni naisukuma mpaka nyumbani!"

"Wenye hatia wote husema hivyo," tajiri alidakia.

Mama Spana hakusikia. Alikuwa anaitazama washa, kile kipete chembamba cha shaba, iliyokaa kwenye ncha ya nozeli. Ilikuwa ya zamani, ila laini: ilichomwa moto kwanza ili ikae vizuri. Mwizi mwenye haraka hachomi washa. Akaingiza waya wenye ndoano kwenye tundu ilimotoka nozeli, ukatoka na washa nyingine iliyosahaulika chini. Washa mbili! Nozeli ingekaaje sawa?

Katika yadi nzima, aliyekuwa akichoma washa ni mtu mmoja. Na mtu huyohuyo alikuwa akiwazaba makofi wanafunzi walioacha washa kuukuu tunduni. Angeiachaje yeye? Akainua kichwa, akamwona Mwalimu anakuja, vidole vikiburuzika kwenye ubavu wa lori.

Akafungua nozeli ya nne. Akamulika tundu kwa tochi, akaona, akasogea pembeni.

"Mwalimu," aliita. "Niangalizie. Humu chini kuna washa, au ni safi?"

Mzee aliinama, akasogea, akarudi nyuma, akainama tena.

"Ni safi, mwanangu."

"Afande, angalia wewe."

Afande alichungulia. "Si hiyo hapo? Inang'aa!"

Mama Spana aliivuta kwa waya, akaiweka kwenye kiganja cha mzee. Mwalimu akaipapasa kwa kidole gumba, polepole, duara lote.

"Nozeli zangu ziko wapi, Mwalimu?"

"Kwenye lori jingine la tajiri," alisema hatimaye. "Niliharibu nozeli zake mbili, sikuona nilichokuwa nafanya. Tajiri alikuwa analisubiri. Nikachukua za hapa, nikaweka mbovu, nikasema nitarudisha. Mwaka mzima sasa naona ukungu tu. Fundi kipofu ataajiriwa na nani?"

"Ungeniambia! Ningekuwa macho yako!" Machozi ya hasira yalimtoka bila aibu. "Lakini umesimama hapa toka asubuhi, unamsikiliza mdogo wangu akiitwa mwizi, kimya! Wewe!"

"Nilidhani hutaona," mzee alisema.

"Nani alinifundisha kuangalia?"

Afande alimfungua Taratibu pingu, kisha akazishika mkononi, hajui azifanyeje.

"Huna haja, nakuja mwenyewe," Mwalimu alisema. "Na nipitishe kwanza kwa fundi cherehani, nikamwombe radhi."

Akaanza kutembea. Mbele yake kulikuwa na shimo la kukagulia magari kwa chini, na ubavu wa lori alioushika ulikuwa umekwisha. Mama Spana alifumbua mdomo, lakini Taratibu alikuwa ameshafika, akamshika mzee kiwiko.

"Shimo hilo, Mwalimu. Pita huku," alisema, na wakalizunguka taratibu.