Kocha Kaondoka, Misumari Kumi na Moja Imebaki

Nahodha wetu alipiga magoti mbele ya beseni langu la kufulia. Mtu mzima na ndevu zake.

"Mama Jezi, naomba usiniangamize."

Jamani! Mfua jezi, povu mpaka viwikoni, nitamwangamiza nani?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo...

Alhamisi kocha alituaga kwa ujumbe wa simu. Mistari miwili. Mchana picha zikasambaa: kavaa jaketi la wapinzani, anacheka mpaka gego linaonekana.

Na Jumamosi tunacheza na nani? Na hao hao.

Tukifungwa, tunashuka daraja. Na mwenyekiti alishasema, tukishuka wafanyakazi wote nyumbani. Mimi wa kwanza, maana sijaona klabu iliyolia kwa kukosa mfuaji.

Sasa sikilizeni. Kocha yule hakutaja kikosi kwa mdomo hata siku moja. Chumba cha kubadilishia nguo kina misumari kumi na moja ukutani. Siku ya mechi anatundika jezi mwenyewe. Ukiikuta yako, unacheza. Usipoikuta, unakaa benchi na unafunga bakuli lako.

Miaka sita, hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumamosi mvua ilianza alfajiri. Kocha msaidizi, mdogo wake mume wangu, kajifungia chooni kwa hofu. Nikamgongea.

"Shemeji, kikosi je?"

"Nakuja, shemeji... nakuja."

Hakuja.

Nikatundika jezi zilizokauka kwenye misumari, ya kipa kwanza, mpaka misumari ikaisha. Zilizokuwa mbichi nikaziacha kwenye kamba, upenuni. Basi. Kazi ya kufua tu, ndugu zangu.

Wachezaji wakaingia, wakanikuta bado niko kwenye misumari. Macho ukutani.

Jezi ya nahodha haipo.

Nikafungua mdomo nieleze... lakini nahodha kainamisha kichwa, kaenda kukaa kwenye kona. Hakuuliza neno. Na beki mmoja tunamwita Bubu, msimu mzima hajawahi kukuta jezi yake ukutani, kaikumbatia kama mtoto aliyetoka hospitali.

Nikameza maneno yangu.

Kule upande wa pili, kocha wetu wa zamani alipoona wanaoingia uwanjani, alibaki mdomo wazi. Alikuwa amewaandaa watu wake kwa kikosi anachokijua yeye.

Dakika ya themanini mshambuliaji wetu akafunga. Moja bila. Hatushuki!

Ndipo nahodha akaja kwenye beseni.

"Mlijuaje?"

"Kujua nini, mwanangu?"

"Kwamba kocha aliniahidi nafasi kwake, nikilegeza mechi ya leo. Nilipokosa jezi nikajua nimeshikwa."

Nikakalia ndoo.

"Ulikuwa peke yako?"

"Na mshambuliaji. Alipoona mimi nimetolewa, akaogopa. Akacheza kama anafukuzwa na nyuki."

"Mwanangu... jezi yako ilikuwa mbichi."

"Ati?"

"Mbichi. Hilo pande la mgongo lina kitambaa cha watu wawili, litakauka saa ngapi?"

Akacheka. Kicheko kikakatika katikati, akajifuta macho kwa kiganja.

"Kwa hiyo hakuna aliyejua."

"Sasa najua mimi. Na mwenyekiti atajua. Kwa mdomo wako au wangu, chagua."

Akainuka, akaelekea ofisini. Nikakausha mikono, nikamfuata. Kama yeye anakwenda kusema yake, na mimi nina yangu: kikosi kile nilikipanga mimi na mawingu. Wakinifukuza, wanifukuze.

Wadau, huko nje bado wanaimba. Mimi sina hamu. Tumeshinda kwa woga na mvua, na hivyo viwili huwezi kuvisajili msimu mzima.

Kiongozi akiwazoesha watu kunyamaza, siku akiondoka ule ukimya hauondoki naye. Unabaki, na hujui nani kaficha nini ndani yake.

Ulizeni, jamani. Hata kama mnaogopa. Mimi nimeuliza mlangoni kwa mwenyekiti:

"Hodi, tuingie wawili?"