Kwikwi ya Gari Jekundu

Olaya, mtaa wa maduka huku nchi ya Waarabu, jioni ya Alhamisi hauna adabu. Mbele ya duka kubwa magari yalikuwa yamebanana, kila dereva akimtafuta bosi wake kwa macho na kumkera mwenzake kwa honi. Rael alisimama kando ya mlango wa vioo, mkono mmoja kamshika mtoto wa madam, mwajiri wake, mwingine kaning'iniza mifuko ya madam, na abaya ya kuazima ikifagia sakafu kwa sababu ilishonewa mtu mrefu kumliko. Ndipo gari jekundu la milango miwili, la watu wapendao mbio, likapanda mwinuko wa kuingilia likinguruma kwa maringo. Dereva akabadilisha gia. Gari likasita, likashtuka, likasita tena, ndipo likavuta.

“Uzuri wote huo,” Rael akajisemea kwa Kiswahili, “na lina kwikwi!”

Dirisha la gari lilikuwa wazi.

“Si ulipe maji linywe,” dereva akamjibu.

Rael aligeuka nusura aangushe trei ya mayai. Ndani ya gari alikuwamo kijana mweusi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe, anacheka kama mtu aliyeokota kitu njiani.

“Wewe ni wa wapi?”

“Nyamira. Elkanah. Na wewe daktari wa magari?”

“Rael Jerotich, wa Kapsabet. Mimi ni wa kufua na kupika tu. Lakini kwikwi naijua nikiisikia.”

“Wacha nimwambie bosi akuajiri. Kila akibadilisha gia anatukana, halafu ananiangalia mimi.”

“Yalla, Rael!” Madam alikuwa ametoka. Kumbe bosi wa Elkanah na madam wa Rael walikaa mtaa mmoja, na Elkanah alilijua hilo jioni ile ile, kwa sababu alilifuata gari la madam mpaka nyumbani.

Mapenzi ni kikohozi, wanasema, hayafichiki. Ya hawa wawili yalikuwa kwikwi, na yalifichika vizuri sana. Kuta za nyumba ya madam zilikuwa ndefu. Simu ya Rael ilikaa ndani ya droo ya madam wiki nzima, akaionja Ijumaa peke yake. Naye Elkanah hangethubutu kubonyeza kengele, wala kupiga honi langoni kwa watu. Mwanamume mgeni akifanya hivyo, maelezo yake huyatoa kituo cha polisi. Lakini kila jioni alilipitisha gari la bosi kwenye kona ya nyumba ile, na hapo hapo ndipo alipotoka gia ya pili kwenda ya tatu. Kwikwi! Jikoni, Rael alinyakua mfuko wa taka, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa na kutoka mbio kwenda kwenye pipa la barabarani.

“Rael, wewe kila siku taka, taka!” madam alishangaa.

“Nyumba safi, madam. Taka nyingi.”

Pale kwenye pipa walipata muda wa maneno machache, yeye ndani ya gari, Rael akijifanya anafunga mfuko.

“Umependeza, Jerotich.”

“Na hii aproni inanuka kitunguu?”

“Hicho kitunguu ndicho kimenimaliza.”

“Nenda, Kwikwi. Nenda kabla hatujafukuzwa wote wawili.”

Alimwita hivyo, Kwikwi, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na babake.

Mambo yaliharibika pale mume wa madam alipohamishiwa Jeddah. Madam, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia Rael achague: asaini miaka miwili mingine waende wote Jeddah, au apewe tiketi arudi Kenya. Jibu alilitaka Alhamisi, Isha ikiadhiniwa. Rael alitaka kwenda nyumbani, lakini alitaka kwenda na Elkanah. Kurudi bila kazi na bila mume, akaanze kuulizwa na shangazi zake kila Jumapili baada ya kanisa, hakuweza. Na Elkanah hakuwa na huruji, ile ruhusa ya kuondoka ambayo ni kafili, yaani mwajiri, pekee anayeiomba. Bosi alikuwa amekataa mara kadhaa, mpaka siku moja, akiwa na hasira na gari lake, akasema atakayeliponya atapewa anachotaka.

Elkanah alikuwa fundi wa malori kabla ya kuwa dereva, kwa hivyo alilivamia gari lile kwa roho yake yote. Kwanza alishuku klachi. Lakini klachi ikichoka injini hupiga kelele huku gari likibaki nyuma, na hili halikupiga kelele, lilimeza sauti. Akabadilisha oili ya gia boksi. Wapi. Akabadilisha plagi. Wapi. Likiwa limesimama uani, injini ilitulia na kompyuta ya gereji haikuonyesha kosa lolote. Ukilikanyagia mafuta na kubadilisha gia, linasita.

Ijumaa ile, simu iliporudi mkononi mwa Rael, walizungumza habari ya ugonjwa huo badala ya mapenzi.

“Eti linasita vipi?”

“Ni kama mtu amevuta pumzi apige mbio, halafu hana pumzi.”

“Si basi inatoroka mahali?” Rael akasema. “Nyumbani mtungi wa gesi tukishuku unavuja tunapaka povu la sabuni. Penye kuvuja patachemka.”

Elkanah akaketi wima. Kuna mabomba ya mpira yanayopeleka upepo wa turbo kwenye injini. Bomba likiwa na ufa mdogo, upepo ukisukumwa kwa nguvu, ufa unafunguka. Gari likitulia, ufa unajifunga, na hakuna anayeuona.

“Rael.”

“Nini?”

“Nitakuoa wewe na sabuni yako.”

“Ponya kwanza. Mahari baadaye.”

Wakapanga. Alhamisi baada ya Maghrib, Elkanah akipita, Rael ajue bosi amekubali, atoke na taka zake, kisha amwambie madam anarudi nyumbani.

“Nisipopita,” Elkanah akasema, na hapo hakuwa anacheka tena, “jua amekataa. Usirudi peke yako kuteseka. Saini, uende Jeddah.”

“Utapita.”

“Nitapita, mpenzi.”

Alhamisi Elkanah alilipeleka gari mtaa wa Manfuha, kwenye uga wa rafiki yake Norman, fundi mwenzake. Waliziba bomba upande mmoja, wakasukuma upepo kwa pampu ya magurudumu, wakapaka povu. Chini ya kibano cha chuma, mahali jicho halifiki, povu likachemka. Norman alipiga ukelele, majirani wakachungulia. Wakatia bomba jipya na kibano kipya. Alasiri bosi akalijaribu barabarani, akarudi anacheka peke yake.

“Halas, yamekwisha, Elkanah. Huruji utapata.”

Maghrib ilipokwisha Elkanah alikuwa njiani, kavaa lile shati jeupe, manukato yamejaa gari zima. Kwenye kona alitoka gia ya pili kwenda ya tatu na gari likateleza kama mkono kwenye hariri. Alilisifu kwa sauti. Kichwa chake kilikuwa kimejaa Nyamira, kimejaa Kapsabet, kimejaa ng'ombe wa mahari, na mtu mwenye furaha kiasi hicho hakumbuki kitu kingine.

Jikoni, Rael alisimama na mfuko wa taka mkononi. Alizima feni apate kuisikia vizuri kwikwi, ile aliyoizoea kila jioni. Magari yalipita. Moja lilipita likienda laini kabisa, naye akalionea wivu, akasema hilo ni la mtu asiye na shida. Baadaye likapita tena lingine laini, na lingine. Isha ikaadhiniwa. Madam akamwita sebuleni. Rael akauweka mfuko chini, akanawa uso, akaenda kusaini.

Nje, Elkanah aliizunguka nyumba hadi mlinzi wa jirani akaanza kumkazia macho. Lango halikufunguka.

Ijumaa, Rael akiwa ndani ya gari la kuhamia Jeddah, alimwandikia: “Pole, Kwikwi. Nimesaini. Mungu akutunze.” Elkanah aliusoma ujumbe ule akaona mwanamke aliyebadilisha nia. Hakujibu. Rael akaona kimya cha mwanamume anayeona aibu kushindwa. Naye hakuuliza. Kiburi kidogo tu kila upande, na wiki zikapita.

Huruji ilitoka. Kazi ya mwisho ya Elkanah ilikuwa kulipeleka gari Jeddah, akalikabidhi kwa dereva mpya, kisha apande ndege huko huko. Norman ndiye aliyemgombeza kabla hajaondoka: “Muulize huyo dada! Mtu haendi na swali nyumbani.”

Ikawa Ijumaa, Jeddah, joto la bahari limemgandishia shati mgongoni. Elkanah akampigia Rael simu. Rael alikuwa ametumwa tamis, ile mikate mipana ya tanuri, na duka lilikuwa chini ya jengo lao. Elkanah alimkuta kwenye foleni ya wanawake, abaya mpya inayomtosha, uso umekonda.

“Mbona hukutoka?” akamuuliza, hata salamu hakutoa.

“Nitoke wapi? Wewe hukupita.”

“Nilipita! Nilizunguka mpaka nikaona haya.”

“Elkanah, usinidanganye. Nilisimama jikoni mpaka Isha. Nilizima hata feni. Sikusikia kwikwi.”

Elkanah aliikumbuka kona ile, gari lilivyoteleza. Akashika ukuta wa duka.

“Niliiponya,” akasema. “Kwa sabuni yako.”

Rael alimtazama. Halafu akalikumbuka lile gari laini, lile la mtu asiye na shida, na machozi yakamtoka mbele ya foleni yote.

“Nakaa,” Elkanah akasema haraka. “Siondoki. Nitajificha mtaa wa Karantina kama rafiki yako Eddah na wenzake waliotoroka waajiri, nikungoje.”

“Hapana.”

“Rael…”

“Eddah hawezi kwenda hospitali. Eddah akisikia hatua ngazini anazima taa. Sitaki mume wa kuzima taa.”

“Basi vunja mkataba.”

“Madam ameshalipia ikama mpya, kibali changu cha kukaa. Ataniachilia kwa wema gani, na wewe ndege ni kesho?” Alijifuta kwa ncha ya shela. “Nenda nyumbani, Kwikwi.”

“Nikungoje?”

Rael alisogea mbele kwenye foleni. Alitamani kusema ndiyo. “Miaka miwili ni mingi kwa mwanamume aliye nyumbani. Usiniahidi kitu. Ukiniahidi nitaanza kusikiliza tena.”

Mikate ikafika, moto. Akaipokea, akapanda juu, wala hakugeuka.

Elkanah alirudi kwenye gari. Alikaa kwanza, akalia kama mtu mzima anavyolia, bila sauti. Kisha akafungua boneti, akatoa bisibisi, akakilegeza kile kibano kipya alichokikaza Manfuha kwa furaha. Bosi angetukana, ndiyo. Lakini Elkanah angekikaza tena kabla ya kulikabidhi. Akawasha. Akaja na barabara ile chini ya jengo la kina Rael, akakanyaga mafuta, akatoka gia ya pili kwenda ya tatu.

Juu, jikoni, Rael alikuwa akikata mkate. Mikono yake ilisikia kabla yake. Ilidondosha kisu, ikanyakua mfuko kutoka kwenye pipa, na miguu ikawa imeshafika mlangoni.

“Rael, wapi?” madam aliuliza kutoka sebuleni. “Taka mafi, hakuna. Asubuhi ulitoa.”

Rael aliutazama mfuko. Ulikuwa mtupu.

“Ni kweli, madam,” akasema. “Halas.”

Gari lilisita mara moja zaidi kule kwenye taa za barabara, kisha likavuta. Akabaki pale mlangoni, mfuko mtupu mkononi, mpaka mtoto akaja kumwambia ana njaa.