Ladha Imeisha, Kafeini Ipo

Kichanga alikuwa na wiki tatu, na sare arobaini za shule zilikuwa bado hazijashonwa. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa kwenye cherehani yake nyumbani tangu asubuhi. Usingizi ulipomnyemelea, alichomeka kifuko cha kafeini, ile ya kwenye kahawa, kati ya fizi na mdomo. Kilikuwa kidogo, cheupe, chenye ladha ya mnanaa. Baada ya nusu saa ladha iliisha. Alikitema, akachomeka kingine.

Siku hiyo kilikuwa cha sita.

Mtoto alilia tena. Macho kodo, ngumi zimekazwa, kidevu kinatetemeka. Alinyonya kidogo, akaachia, akalia.

"Tangu jana halali huyu," alisema mama mkwe. "Maziwa yako mepesi, mwanangu. Mwachishe, tumpe ya kopo."

"Mama, ananyonya kila mara!"

"Ananyonya nini? Upepo?"

Fundi alimrudisha mtoto kifuani. Mumewe alitoka mbio kumwita mkunga, jirani wa mlango wa tatu.

Mkunga alinawa mikono. Alimpima mtoto joto, akahesabu pumzi zake. Kisha akamtazama fundi.

"Na wewe, mdomo huo umevimba kwa jino?"

"Si jino, dada. Ni kifuko cha kafeini. Nafukuza usingizi tu, wala sikimezi."

"Hukimezi, lakini mate unameza. Na kafeini nyingine inapenya hapo hapo kwenye fizi. Inaingia kwenye damu, kisha kwenye maziwa."

"Lakini nusu saa tu kinakuwa kimekwisha!"

"Kilichokwisha ni ladha, mdogo wangu. Kafeini ndiyo kwanza imeshika kazi. Kwa mtu mzima, baada ya saa tano hivi, nusu yake bado imo mwilini. Wewe unarundika nyingine juu yake. Na mwili wa kichanga haujajua kuitoa. Kwake, kupungua nusu tu kunaweza kuchukua siku tatu, hata zaidi."

Mama mkwe alishika kifua. "Kumbe tunamkesheza wenyewe!"

"Huenda. Lakini kutetemeka kunaweza pia kuwa ugonjwa. Hatubahatishi. Twendeni zahanati sasa hivi."

Zahanati walimpima mtoto damu na uzito. Hawakuona ugonjwa.

"Endelea kumnyonyesha," daktari alimwambia fundi. "Vifuko, acha. Kichwa kitakugonga siku mbili tatu. Kunywa maji, na mtoto akilala, lala. Akizidi kutetemeka au akikataa kunyonya, mrudisheni upesi."

Kichwa kilimgonga kweli. Mumewe alikwenda shuleni kuomba wiki moja zaidi. Mama mkwe alivaa miwani, akashona vifungo.

Siku ya pili mtoto alilia vilevile.

"Labda tumekosea," mume alinong'ona. "Tununue tu ya kopo."

"Hukusikia mkunga alisema siku tatu, hata zaidi?" mama yake alimkaripia. "Hesabu vidole kama hujui!"

Siku ya tano, mchana, mume alirudi kutoka kazini. Cherehani kimya. Mtoto kimya. Alikimbilia chumbani, lakini mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

Nyuma yake, mama na mtoto walikuwa wamelala fofofo, wote wawili midomo wazi.

"Vua viatu," alinong'ona bibi. "Ukimwamsha, utamnyonyesha wewe."