Miche Yenye Kiu Ndani ya Maji

"Sema ukweli, Chemutai. Hii miche huimwagilii maji."

"Naimwagilia asubuhi na jioni, Aron. Uliza mgongo wangu."

Walikuwa wamesimama kwenye kitalu chao cha chai, nyuma ya nyumba, nje kidogo ya Litein. Majani ya miche yalikuwa yamelegea kama sukuma wiki ya juzi. Mama mkwe wa Chemutai alikuwa amewapa kipande cha shamba, lakini kwa sharti: kisipopandwa chai mvua hizi, kitaenda kwa Kimeli, ndugu yake Aron. Sasa Aron alitaka maji yaongezwe. Chemutai akamwambia abebe mitungi mwenyewe.

Jirani yao Jerusa, anayesimamia kitalu cha kampuni moja ya chai, alisikia kelele akaja. Aling'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, tena inanuka. Akainua mifuko kadhaa ya plastiki iliyopandwa miche, akakuta chini kumetandikwa nailoni nene. Akauliza ni nani aliyeiweka.

Aron alisema ni yeye. Ilikuwa imebaki walipofunika silaji, majani ya ng'ombe yaliyovundikwa, akaitandika ili maji yasipotee.

"Baba Loice, mnakuza chai au mnafuga samaki? Kwa samaki mngetuuliza sisi watu wa ziwa," Jerusa, aliyezaliwa kando ya ziwa, alimtania Aron.

Chemutai alicheka. Aron hakucheka. Kisha Chemutai akauliza: kama miche imesimama ndani ya maji, mbona inanyauka?

"Mzizi umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho," Jerusa alisema. "Kila chumba kina ngozi nyembamba, na kwenye ngozi hiyo kuna vilango vya protini. Vinaitwa akwaporini. Kazi yake ni kupitisha maji. Lakini mzizi nao unapumua, Mama Loice. Ukikosa hewa, vilango vingi vinafungwa. Maji yamejaa nje, na jani linakufa kiu."

Akaeleza kwamba hewa ikirudi mapema, vilango hufunguka tena. Mzizi uliooza ndio haufufuki.

Aron alisema nailoni wataitoa kesho, ng'ombe hawajakamwa.

"Kesho shamba ni la Kimeli," Chemutai alisema. "Shika upande ule."

Wakaitoa mifuko safu kwa safu, wakitupa miche iliyooza. Mingi bado ilikuwa na mizizi myeupe. Kisha wakaivuta nailoni. Maji machafu yakawamwagikia miguuni, udongo ukayameza. Wakairudisha miche juu ya ardhi tupu, na Aron akachimba mfereji pembeni huku ng'ombe wakilia zizini.