Konokono Ndani ya Simu ya Bibi

Kila Jumatano jioni, Sethunya akishamaliza kazi za shule na kufagia uwanja, alilichukua bakuli kubwa la bati, akalifuta mpaka likang'aa, kisha akalitua katikati ya mkeka. Bakuli hilo halikuwa la chakula. Lilikuwa la simu. Simu ya bibi yake ilikuwa na sauti ndogo kama ya mgonjwa, ila ukiitumbukiza ndani ya bakuli tupu inapata nguvu kidogo. Wanawake wa alto wa kwaya ya kijiji walikaa kuizunguka, blanketi mabegani, sahani ya magwinya, yale maandazi ya mviringo, ikipita ya moto mkono kwa mkono, wakimsikiliza Rra Seitshiro, yaani Bwana Seitshiro, mwalimu wao.

Rra Seitshiro mwenyewe hakuwapo. Ndiye aliyeianzisha kwaya hiyo, na ndiye aliyeifundisha miaka yote, lakini kazi yake ilikuwa mgodini, mbali, na nyumbani alifika mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo aliimba kila sauti peke yake, akairekodi, akaituma kwa simu: soprano kwa kiongozi wa soprano, tenori kwa wa tenori, besi kwa wa besi, na alto kwa Bibi Kelapile, bibi yake Sethunya. Hata sauti za kike aliziimba yeye, mzee wa watu, akibana koo. Siku ya kwanza wanawake walicheka mpaka machozi.

Tatizo lilikuwa simu. Wimbo ukifika pazuri, kioo kinazima na Rra Seitshiro ananyamaza. Mtu akiinyanyua kuiamsha, sauti inahamia kwenye kile kitundu cha kusikilizia sikioni, na wengine wote wanabaki kutazamana.

"Imekufa tena," alisema Mma Ditiro, mama mwenye umri mkubwa kuliko wote pale. "Hii simu inazimia kama bibi harusi."

Sethunya alikuwa mtu wa kutaka kujua. Redio ya mjomba wake aliwahi kuifungua ili aone anayeongea anakaa wapi, na alichapwa kwa hilo. Jumatano hiyo aliukandamiza ule ujumbe kwa kidole bila kuuachia, ikatokea orodha ya maneno, na mojawapo lilimwambia kwamba anaweza kuufungua kwa programu nyingine. Akaigusa ile ya muziki, ambamo Bibi aliweka nyimbo zake za kanisani. Mara Rra Seitshiro akahama. Alitoka kwenye programu ya ujumbe akaanza kuimba kwenye programu ya muziki. Kioo kikazima, naye akaendelea kuimba. Alipomaliza, akaanza upya bila kuguswa na mtu.

"Umefanyaje?" Bibi aliuliza.

"Nimemhamisha tu, Bibi. Ujumbe ni uleule, unachezwa na programu nyingine."

"Fundi wetu huyu," Mma Ditiro alisema, akampa gwinya kubwa kuliko yote. Bibi alitabasamu, lakini akamnyooshea kidole. "Ukishamhamisha, mwache. Usianze kubonyeza kila kitu."

Sethunya aliitikia, na alikusudia kutii. Lakini kwenye ile programu ya muziki, pembeni mwa kioo, palikuwa na picha ya konokono. Konokono, jamani, ndani ya simu! Alikaa siku nzima ya pili akimfikiria. Kesho yake Bibi alipomtuma apeleke simu ichajiwe dukani, njiani akamgusa. Ukatokea mstari wenye kitufe cha kusogeza. Akakisogeza kidogo upande wa konokono, na Rra Seitshiro akaanza kuimba taratibu, neno moja baada ya jingine, yanasikika yote. Sethunya akafurahi. Mma Ditiro alikuwa akilalamika kila wiki kwamba maneno yanampita mbio. Basi akakiacha kitufe palepale, wala hakumwambia mtu.

Jumatano iliyofuata alto waliushika wimbo kama mchezo. "Leo mwalimu ana mafua," Mma Ditiro alisema. "Mbona sauti imekuwa nzito hivi?" Wakacheka, wakaendelea kuimba. Wakaimba hivyo wiki hiyo, na nyingine, na nyingine.

Kisha likaja zoezi la sauti zote pamoja, kwenye darasa la shule ya msingi, mashindano ya sikukuu ya uhuru yakiwa yamekaribia. Wimbo wenyewe ulianzwa na alto peke yao. Wakaanza vizuri, kwa ujasiri. Soprano wakaingia, na loo, ikawa fujo. Soprano walikuwa juu, alto chini, besi hawajui wamfuate nani. Wakarudia. Ikawa vilevile, tena alto walijikokota kana kwamba wamebeba magunia.

Rra Gabanakgosi, mwenyekiti wa kwaya, akapiga meza. "Kila mtu ameimba alivyotumiwa?"

"Sisi tumeimba kama alivyotuimbia," Bibi Kelapile alisema. "Neno kwa neno."

"Na sisi pia," walijibu soprano.

"Basi aliyekosea ni aliyetuma. Huku ametoa noti moja, kule nyingine." Mwenyekiti alishusha pumzi. "Wazee wenzangu, tuseme ukweli. Zile mashine za mgodini zimemmaliza masikio. Jumamosi akifika tumshukuru kwa miaka yake yote, fimbo ya kuongozea tumpe mwingine. Mwaka jana tulishindwa kwa pointi chache. Mwaka huu sikubali kuchekwa."

Wazee walikubali. Mma Ditiro alijifuta macho kwa pembe ya blanketi. Walipofika getini kwao, Bibi alimgeukia Sethunya, aliyekuwa amemsindikiza zoezini. "Kwaya ndiyo inayomrudisha nyumbani yule," alisema. "Mkewe alishafariki. Akinyang'anywa kwaya, atarudi kumwona nani?"

Sethunya hakuelewa. Mtu aimbe sauti nne, tatu ziwe sawa na moja iharibike? Asubuhi, uji ukiwa jikoni, aliomba simu. Hakwenda kwenye programu ya muziki. Alirudi kwenye programu ya ujumbe, kule Rra Seitshiro alikotokea, akamsikiliza. Sauti ilikuwa nyepesi na ya haraka. Akamfungua upande wa muziki. Huku alikuwa mzito, mvivu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akarudia kusikiliza huku na kule. Halafu akamwona konokono.

Alikisogeza kitufe mahali pake. Sauti zikalingana. Kumbe konokono hakupunguza mwendo tu, aliishusha na sauti yenyewe. Ugunduzi ulikuwa mtamu kwa muda wa kupuliza uji, kisha ukawa mchungu. Mambo yangeweza kuishia hapo. Jumatano alto wangesikia noti ya kweli, wangejirekebisha, na konokono asingejulikana milele. Lakini Jumamosi ingekuwa imeshapita, na Rra Seitshiro angekuwa ameshaaga.

"Bibi," alisema, "mwalimu hajaharibika masikio. Nimemharibu mimi."

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Uji ukaungua. "Nilikwambia nini?"

"Nisibonyeze."

"Jumamosi utayasema haya mbele ya watu. Mimi sitakusemea."

Jumamosi Rra Seitshiro alikuja akiwa bado na vumbi la safari, begi mgongoni, anacheka na kila mtu. Mwenyekiti alikuwa ameanza, "Rra, tunakushukuru sana kwa miaka yako," ndipo Sethunya akasimama.

"Samahani, Rra. Kosa si la mwalimu, ni langu." Akaeleza yote, tangu siku ya kioo kinachozima. Kisha akaomba simu ya kiongozi wa besi, akaiweka mezani kando ya ile ya Bibi. Akaucheza ujumbe wa besi kwenye programu ya ujumbe, kisha ule wa alto hukohuko. Zilipatana. Halafu akauhamishia ule wa alto kwenye programu ya muziki, akakisogeza kitufe upande wa konokono, na darasa zima likasikia mwalimu akizama polepole kama ndoo kisimani.

Rra Seitshiro alitoa mfukoni kichuma chake cha kupimia noti, chenye meno mawili, akakigonga gotini, akakiweka sikioni. "Ameshuka noti nzima," alisema. "Kumbe nilikuwa naimba hivyo na mimi sijui." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Ulikuwa unanishukuru kwa nini vile, Rra?"

Watu wakaangua kicheko. Rra Gabanakgosi alikuna kichwa. "Kwa kufika salama," alisema. Halafu akaacha mzaha. "Nisamehe, Rra. Nilihukumu kabla ya kuuliza." Akamkabidhi fimbo kwa mikono miwili.

Rra Seitshiro alimwita Sethunya mbele. Mtoto akajua sasa ni zamu yake.

"Unajua umetutia hasara gani? Kina mama hawa watalazimika kujifunza upya, na siku zimekwisha."

"Ndiyo, Rra. Naomba msamaha. Kwako, na kwa kina mama."

"Nimekusamehe. Sasa nisikilize, na wenzako wasikie. Kutaka kujua si kosa. Kama ungeogopa kugusa, alto wangekuwa bado wanagombana na kioo kinachozima. Kosa lako lilianza ulipogusa ukanyamaza. Kitu cha watu ukikibadilisha, waambie siku hiyohiyo, hata kama unadhani umekitengeneza. Umekuja kusema ukweli kabla sijafukuzwa, na kwa hilo nakushukuru. Lakini ungesema siku ile ya kwanza, bibi yako asingeunguza uji."

"Nani kamwambia habari za uji?" Bibi Kelapile alinong'ona.

Kuanzia siku hiyo, Sethunya ndiye aliyecheza sauti kwa makundi yote manne, na kabla ya kucheza alitakiwa kutangaza kwa sauti: mwendo wa kawaida, hakijaguswa kitu. Alto walifanya mazoezi kila jioni mpaka wakaupata wimbo. Siku ya sikukuu walisimama mbele ya kgotla, baraza la kijiji, wamevaa mavazi yao ya leteisi, kile kitambaa cha sherehe, na Rra Seitshiro akainua fimbo. Kabla ya kuanza, Mma Ditiro alimtafuta Sethunya kwa macho katikati ya umati, akamwinulia nyusi.

"Mwendo wa kawaida," Sethunya alisema kwa midomo tu.

Alto wakaanza, palepale penye noti yao, na soprano walipoingia walikuta wamefunguliwa mlango.